Arobaini kwa Saba

Shemweta, umelivisha lori viatu vya kaka yake
kisha unaniuliza kwa nini linajikwaa.

Limesimama hapa Barabara ya Kumi na Nne,
refu kama bwana harusi aliyeazima kanzu,
matairi yangali yananuka duka,
na watoto wa chuoni wanapita wakiyagusagusa
kama wanavyomgusa mbuzi wa Idi.
Sikatai, yanapendeza.
Tope la Amani masika hii halitakufika tumboni.
Lakini kona ya tatu baada ya Kisiwani,
magunia ya iliki mgongoni,
gia ya pili ililia, ukaingiza ya kwanza,
ya kwanza ikalia, ukaingiza dua.

Ngoja. Kibwana, chaki.
Mstari ubavuni mwa tairi, mwingine sakafuni,
tusukume mpaka mstari urudi chini.
Futi kumi na nusu.
Sasa bingirisha lile la zamani alilokuja nalo nyuma.
Futi tisa na nusu.

Futi moja tu!
Ila kila mzunguko lori linakwenda futi
ambayo injini haikuambiwa.
Na mita yako inakudanganya kwa adabu:
inasema sitini, wewe uko karibu sitini na saba,
na askari wa Kabuku hajali adabu ya mita.

Nimefungua difu. Oili nyeusi, chenga za chuma chini
kama mashapo ya kahawa.
Kraunwili, meno arobaini na moja. Pinieni, nane.
Propela izunguke mara tano na kidogo
ndipo tairi lizunguke mara moja.
Kwa viatu vya zamani ilitosha.

Rafuni nina seti tatu.
Thelathini na saba kwa tisa: hiyo ya watu wa lami,
injini inanong'ona mpaka Chalinze,
mlimani itakuaibisha.
Arobaini na tatu kwa sita: hiyo inapanda hata ukuta,
ila ukifika Muheza baiskeli za machungwa
zitakupita zikikupigia kengele.
Nguvu na mbio wanalala kitanda kimoja, Shemweta,
shuka ni moja na fupi:
akivuta huyu, miguu ya yule iko nje.

Basi niambie, wala usinipambie:
kwa wiki unapanda mara ngapi?

Ukasema, baba alikuwa akipanda mara nne.
Sikumuuliza baba.
Ukaangalia matairi, ukaangalia viatu vyako.
Mara nne, ukasema. Sasa ni mimi.

Basi ni hii ya kati.
Kibwana akahesabu meno kwa sauti,
kidole kikiacha doa la grisi kila jino,
na alipofika thelathini na nane, thelathini na tisa,
ukageuka ukatazama mlangoni.
Ndipo nilipokumbuka. Khitma ilikuwa Alhamisi.
Nikajitia kutafuta spana namba kumi na tisa
iliyokuwa mfukoni mwangu.

Marehemu mjomba, aliyeniachia ovaroli hii,
alipenda arobaini kwa saba.
Saba haiingii arobaini ikaisha, tano zinabaki,
na humo kwenye kubaki ndimo ilimo heri yake:
jino linalokutana na hili sasa
mzunguko ujao litakutana na jingine,
mpaka kila jino limemjua kila mwenzake,
na hakuna linalosagwa na mmoja tu mpaka life.
Alikuwa akisema hivyo mdomo umejaa mkate,
sikumwelewa miaka sita.

Haya, washa.
Mita nayo itatubu yenyewe, utaona.
Kilomita mia tano za kwanza usipakie gunia hata moja,
meno hayajazoeana.
Ukisikia mlio kama wa nyuki, rudi.
Ukisikia kama mtu anatafuna barafu,
hapohapo simama, usirudi, nipigie.
Salio ulilete kwa iliki, kavu, usiniletee ya majimaji.

Na hilo tairi la zamani liache.
Kuku wangu keshaingia.